Mbichi Lakini Imeiva: Jinsi ya Kula Nyanya za Msimu Bila Kuzipika

Nianze na utata wa lugha, maana ndio unaotusumbua hata jikoni. Ukisema "nyanya mbichi", mmoja ataelewa nyanya ya kijani ambayo haijaiva, mwingine ataelewa nyanya nyekundu ambayo haijaingia kwenye sufuria. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili: shambani imeiva, jikoni bado mbichi. Nina hakika wengi wetu hatujaila inavyostahili. Nyanya tunanunua kila siku, lakini tunazinunua kama tunavyonunua chumvi: ziingie kwenye mafuta na kitunguu, zirojeke, basi. Nyanya ya kuunga haina haja ya kuwa nzuri, kwa sababu kitunguu, mafuta na moto vitaibeba. Nyanya ya kuliwa hivihivi haina wa kuibeba.

Nimekulia Ilula, mkoani Iringa, pale ambapo basi la Dar likisimama tu, madirisha yote yanajaa ndoo za nyanya. Kwetu mtoto aliyetumwa shambani aliondoka na chumvi kwenye kikaratasi. Unachuma moja, unaifuta kwenye shati, unang'ata upande mmoja, unanyunyizia chumvi pale ulipong'ata, unamalizia, na maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo nyanya ninayoitafuta Dar es Salaam hadi leo, na yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwa kuitafuta.

Kwanza, subiri wakati wake

Ulaya na Marekani watu huingoja nyanya katika miezi yao ya joto, Julai na Agosti, kwa kuwa mche huu hauwezi kabisa baridi ya kuganda. Sisi wa Pwani ni kinyume chake. Nyanya zetu nzuri huja na kipupwe, kuanzia Juni kwenda Septemba, kusi likivuma na usiku mtu akitafuta shuka la pili.

Sababu ipo kwenye ua la mche. Usiku ukishinda na joto la zaidi ya nyuzi 21 au 22 za sentigredi, chavua inadhoofu na maua yanapukutika bila kufunga tunda. Aliyewahi kupanda nyanya Kigamboni mwezi wa Desemba anajua ninachosema: mche mkubwa, majani mazuri, maua tele, tunda hakuna. Hata lile tunda linalofanikiwa kufunga linapata shida ya rangi. Wekundu wa nyanya hutengenezwa vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 25 hivi. Joto likipita 30 wekundu unasita, umanjano unaendelea, ndiyo maana nyanya za kaskazi huiva zikiwa na rangi ya chungwa, hasa mabegani, na ndani zina nyama nyeupe ngumu.

Masika nayo ina yake. Mvua za Machi hadi Mei huleta ukungu wa majani, mkulima analazimika kupuliza dawa mara kwa mara, na tunda lenyewe linakunywa maji mpaka ladha inazimuka. Miezi hiyo nyanya huwa chache, ghali na chapwa. Mimi huipika tu, wala sijisumbui.

Kwa hiyo ukiona kipupwe kimeingia na fungu limeanza kuongezwa nyanya kwa bei ileile, fungua macho. Wakati umefika.

Pili, ijue unayoitafuta

Gengeni hakuna kibao cha jina la mbegu, ila umbo linasema mengi.

Zile ndefu kama yai, ngumu, zenye ngozi nene na nyama nyingi kuliko maji, ni jamii ya Rio Grande, Roma na Cal J. Zinavumilia safari, na kwa rojo hazina mpinzani. Tanya na Tengeru 97 pia ni za kukaa: zilitolewa kwa wakulima mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, na ngozi yao nene ilikusudiwa hasa zifike sokoni bila kupasuka. Siku hizi chotara nyingi zimefuata njia hiyohiyo. Siwalaumu wakulima. Kutoka Ilula hadi Dar ni kama kilomita 450, na nyanya iliyo chini kwenye tenga inabebeshwa wenzake wote njia nzima. Ngozi nyembamba haifiki.

Lakini ulimi hauli safari. Kwa kula mbichi, tafuta za mviringo zilizobonyea kidogo juu, zenye mifuko ya maji na mbegu ndani. Moneymaker ni mojawapo, ya siku nyingi, na wazee wengi wa bustani bado wanaing'ang'ania. Halafu kuna vinyanya vidogo vya kujiotea, vile vinavyoota jalalani au pembeni ya shimo la taka bila kupandwa na mtu, ukubwa wa gololi. Mjini havipewi heshima. Mimi nikivikuta kijijini navila kama zabibu.

Na ukiwa Unguja au Pemba usiulize nyanya, uliza tungule. Utaeleweka kote kote, lakini ukisema tungule unaongezewa moja.

Tatu, sokoni: hapa usiwe na haraka

Nenda asubuhi. Soko la Ilala, Dar es Salaam, matenga yanashushwa alfajiri, na kufika saa mbili wachuuzi wa magenge wameshachagua. Kama si mtu wa kwenda Ilala, basi mjue mama wa genge wako anarudi saa ngapi na mzigo, uwe pale anapozipanga. Mchana zimeshapigwa jua, zimebonyezwa na kila mpita njia, na zilizobaki ni za kuunga.

Mimi na mama wa genge langu tuna mazungumzo ambayo hayajabadilika kwa miaka.

"Mama, shikamoo. Leo nataka za kachumbari, si za kuunga."

"Marahaba mwanangu. Za leo au za kesho kutwa?"

Swali hilo ndilo lote. Nyanya ya kuliwa mchana huu na nyanya ya kuliwa Alhamisi si moja, na muuzaji anayeuliza hivyo usimwache. Namwambia tatu za leo, sita za kesho kutwa, naye anachagua kutoka marundo mawili.

Kama huna mtu wa namna hiyo, chagua mwenyewe hivi.

Ipime kwa kiganja, si kwa kidole. Iweke mkononi uisikie uzito. Kati ya mbili zinazolingana, chukua nzito, ndiyo yenye maji ndani. Kisha izungushe huku kiganja kikiikumbatia. Iliyoiva inalegea kidogo pande zote kwa usawa. Kama inalegea mahali pamoja tu, hapo imegongwa, na kesho patakuwa na maji. Tafadhali usiitoboe kwa dole gumba halafu ukairudisha. Yule mama hanunui nyanya za kubonyezwa.

Angalia rangi mabegani, karibu na kikonyo, maana tunda huanza kuiva kitakoni likipanda juu. Mabega yakiwa ya kijani kibichi, bado. Yakiwa mekundu sawa na kitako, ni ya leo.

Nusa kikonyo, ila ujue unanusa nini. Ile harufu kali ya kijani ni ya mmea, si ya tunda. Inakuambia nyanya imechumwa juzi au jana, haikuambii kama ni tamu. Kikonyo kilichokauka kikawa cha kahawia kinasema imekaa sana.

Geuza utazame kitako. Doa jeusi, kavu, lililodidimia, linatokana na mche kupata maji leo na kukosa kesho, hivyo madini ya chokaa hayafiki mwisho wa tunda. Si ugonjwa wa kukuambukiza. Unaweza kukata sehemu hiyo, lakini kwa nini uilipie? Tundu dogo kama la sindano karibu na kikonyo ni habari nyingine. Huyo ni kantangaze, mdudu aliyetokea Amerika ya Kusini na kuingia kwetu karibu na mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani, na ukikata unakutana na vijia vyeusi. Hiyo iache.

Mwisho kabisa, unga mweupe au wa manjano ulioganda kwenye ngozi. Mara nyingi ni dawa ya ukungu. Kidogo kinaoshwa, lakini nyanya iliyopakaa kama imepigwa chokaa inakuambia imepulizwa karibu na kuchumwa, kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio hazijaisha. Hiyo siili mbichi hata nikiiosha mara tatu.

Ukinunua kwa sado, kile kindoo cha kupimia, omba zimwagwe kwenye beseni kwanza. Niliwahi kununua sado nzima kwa muuzaji ambaye simtaji, juu zimepangwa zinang'aa kama za picha. Nimefika nyumbani, nusu ya chini yote masalo, zimelegea zinaelekea kuoza, na moja imepasuka imewalowesha wenzake. Waliosema samaki mmoja akioza wote wameoza hawakuwa na sado la nyanya mbele yao, vinginevyo methali ingekuwa nyingine. Tangu siku hiyo naona aibu kidogo kuomba zimwagwe, lakini naomba.

Nne, nyumbani: zisubiri kwa adabu

Zitoe kwenye mfuko mara unapofika. Zipange kwenye sinia au ungo, safu moja, zisilaliane, kikonyo kikiangalia chini. Pale kikonyo kilipokuwa ndipo maji yanapotokea na ukungu unapoingilia. Ukipaziba kwa kupalaza chini, nyanya inakaa vizuri zaidi. Weka kivulini penye hewa. Dirishani kwenye jua si mahali pake. Nyanya haihitaji mwanga ili iive, inahitaji joto la wastani na muda.

Sasa friji. Nilipoanza maisha Dar na kununua friji yangu ya kwanza, nyanya ndizo nilizozipa heshima ya kuingia mwanzo. Nilizipanga droo ya chini, nikajiona nimefika. Baada ya wiki nilikata moja, nyekundu vizuri, imekaza, nikang'ata: maji baridi yenye ngozi. Nikadhani nimeuziwa mbaya. Kumbe mbaya nilikuwa mimi. Nyanya ikikaa chini ya nyuzi 12 au 13 inaacha kuiva sawasawa na inaanza kupoteza harufu, na kwa nyanya harufu ndiyo nusu ya ladha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha mwaka 2016 kwamba baridi ya nyuzi 5 kwa siku saba inazima vinasaba vinavyotengeneza harufu hiyo, na hata ukiirudisha kwenye joto la kawaida haipati tena yote.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba friji haifai kabisa. Dar mwezi wa Februari, jiko lina nyuzi 33, nyanya imeiva mpaka mwisho na huwezi kuimaliza leo: iweke humo, siku moja au mbili, kisha itoe saa nzima kabla ya kula. Ni afadhali kuliko kuitupa. Ila ambayo haijaiva usiiingize kamwe.

Ulizonunua zikiwa zimeanza tu kupiga wekundu, na unazitaka kesho kutwa, zifunge kwenye mfuko wa karatasi wa kaki pamoja na ndizi mbivu moja. Ndizi inatoa hewa iitwayo ethilini, na nyanya yenyewe huitoa, nayo ndiyo inayoamuru tunda liive. Mfuko unaizuia isitawanyike. Zikague kila asubuhi. Ile iliyotangulia itoe, isije ikawaharakisha wenzake wote siku moja. Lakini ile iliyochumwa ya kijani kabisa, kabla haijakomaa, ndizi haiiokoi. Itakuwa nyekundu bila utamu.

Iliyopasuka njiani haina kesho. Iliwe leo.

Tano, kuosha

Osha unapotaka kula, si unapofika nyumbani, maana unyevu huziozesha. Tumia maji yanayotiririka, hata kama ni ya kumiminiwa na mtu kwa kata, huku ukiisugua kwa mikono. Usiziloweke kwenye beseni la maji baridi: nyanya iliyo na joto ikitumbukizwa humo huvuta maji kwa ndani kupitia tundu la kikonyo, pamoja na vijidudu vilivyomo. Sabuni haihitajiki. Na kwa kuwa moto hautapita hapa, maji ya mwisho yawe yale ambayo ungeyanywa. Msimu wa kipindupindu hili si la kubishana. Zifute kwa kitambaa safi, kisha ndipo ushike kisu.

Sita, kisu na chumvi

Kisu kikali, au kile chenye meno cha mkate. Butu hakikati, kinakandamiza, na maji yote yanabaki kwenye ubao. Mama zetu hawatumii ubao. Wanakatia mkononi juu ya bakuli, dole gumba likipokea makali, na kila tone linaingia chakulani. Kama huna mkono huo usijaribu mbele ya wageni. Kata kwenye sahani yenye kina, ni karibu sawa.

Usitoe mbegu. Sijui nani alianzisha mtindo wa kukamua ule ute na kuutupa ili nyanya "isitoe maji". Ule ute ndio wenye ukolezo, ile ladha nzito kama ya supu ya nyama, kuliko nyama ya pembeni. Ukiutupa umebaki na ganda.

Jaribio la kwanza kwa mgeni wa mambo haya: kata nyanya moja vipande vinene kama kidole, ukikata kwa upana. Nyunyiza chumvi kwa vidole kutoka juu, kila kipande kipate punje chache. Ngoja dakika tano tu. Utaona matone yanatokea juu kama jasho. Ndiyo, ni jasho: chumvi inavuta maji nje, maji yanayeyusha chumvi, na ladha iliyokuwa imejificha inatoka. Kula kwa mkono. Usiongeze chochote hadi umalize kipande cha pili. Baada ya hapo utajua nyanya yako ina nini, na inahitaji nini.

Saba, kachumbari isiyoogelea

Kila mtu anajua kachumbari, kwa hiyo kila mtu ana makosa yake. Kosa kubwa ni kuitengeneza mapema. Inakatwa saa nne, pilau inaiva saa nane, na kufikia hapo bakuli ni bwawa.

Kwa watu wanne: nyanya nne za wastani, kama nusu kilo, kitunguu maji kimoja kikubwa, ndimu moja, pilipili mbichi moja au kipande cha pilipili mbuzi, chumvi, majani ya giligilani ukipenda. Wengine wanaweka tango na karoti. Sikatazi, lakini ukifanya hivyo umeamua kutengeneza saladi.

Anza na kitunguu, ndicho chenye kazi. Kikate pete nyembamba mpaka uone kisu upande wa pili, weka kwenye bakuli, mwagia kijiko cha chai cha chumvi, ufikiche kwa vidole mpaka kilegee na kutoa povu. Kiache dakika kumi. Osha kwa maji mara mbili, kamua kwa nguvu. Ukali umeondoka, mlio wa kutafuna umebaki. Hii inaweza kufanyika mapema, hata saa mbili kabla, na kikae kimekamuliwa na ndimu nusu juu yake; kitabadilika rangi kiwe cha waridi kama ni chekundu, na kinapendeza.

Nyanya zikatwe chakula kikiwa kinapakuliwa. Si kabla. Zikate nusu, kisha vipande vyembamba vya mwezi mchanga. Changanya na kitunguu, pilipili, giligilani, kamulia ndimu iliyobaki, onja, ndipo uweke chumvi nusu kijiko cha chai, kidogokidogo, ukikumbuka kitunguu bado kina yake. Geuza kwa mkono mara tatu, usivuruge. Peleka mezani.

Maji yatakayobaki chini ya bakuli ni ya mpishi. Kwetu tulikuwa tunayagombania kwa tonge la ugali wa mwisho.

Njia nyingine ninazozirudia

Ya kukwangua. Hii nimeitoa kwa jirani na sijaiacha. Kata nyanya nusu kwa upana, kwangua upande wa nyama kwenye kile cha kukwangulia karoti, mpaka ubaki na ngozi mkononi. Ngozi tupa. Kwenye rojo lile weka punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, chumvi, ndimu na pilipili. Samaki wa kukaanga moto moto, au dagaa waliokaangwa wakakauka, na ugali: hakuna haja ya mchuzi.

Na parachichi. Tunda lililoiva lipondwe kwa uma juu ya mkate, vipande vya nyanya juu, chumvi, pilipili manga. Kile kinachoipa nyanya wekundu, laikopini, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, hivyo mwili hukichukua vizuri zaidi ukiwa na parachichi au mafuta kidogo pembeni. Hiyo ni faida. Sababu yangu mimi ni kwamba ni tamu.

Kwa nyama choma na mishkaki, nyanya nene zenye chumvi na ndimu zinatosha. Wakenya hapo hawatakuelewa bila dhania, yaani giligilani, nao wana haki yao.

Ndoo mbili kibarazani

Nyanya niliyoieleza mwanzoni, ya ngozi nyembamba isiyoweza safari, huwezi kuinunua kwa sababu haisafirishwi. Inabidi uipande. Wala huhitaji shamba. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mpini inatosha mche mmoja.

Anza na mbegu mwezi wa Aprili ili maua yakute kipupwe. Sia kwenye kikopo chenye udongo mwepesi. Baada ya wiki tatu hadi nne miche ina majani manne au matano ya kweli, imefikia kuhamishwa. Toboa ndoo matundu sita chini, jaza udongo wa juu sehemu mbili na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda jioni, na uzike shina hadi karibu na majani ya kwanza; nyanya huotesha mizizi kwenye shina lililofukiwa, mche unakuwa na nguvu maradufu.

Ndoo ikae mahali penye jua la saa sita au zaidi. Simika mti mrefu siku hiyohiyo ya kupanda, ukichelewa utakata mizizi. Kama ni aina ya kurefuka, nyofoa vichipukizi vinavyotokea kwenye kwapa la jani na shina vingali vidogo. Kama ni fupi, kama Cal J au Tanya, viache, vinginevyo unanyofoa mavuno yako.

Maji ni asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Kila siku kwa kiasi kilekile. Ukiusahau mche siku tatu halafu ukaufurikisha, utapata vitu viwili: matunda yenye kitako cheusi, na matunda yaliyopasuka. Maua yakitokea, gonga mti taratibu kila asubuhi ili chavua idondoke. Kibarazani ghorofani nyuki hawafiki sana. Majani yakionyesha vijia vyeupe kama ramani, kantangaze amefika. Chuma jani, lifunge, litupe mbali, na ukague kila siku. Kwenye ndoo mbili mikono yako inatosha kuliko dawa.

Tangu ua hadi tunda jekundu ni kama wiki sita hadi nane. Hapa watu wengi wanakosea kwa uvumilivu: wanaliacha tunda mtini hadi lipige wekundu wote, na ndege au watoto wa jirani wanatangulia. Tunda likishaonyesha wekundu kidogo kitakoni, limekwisha kupata karibu kila linachohitaji kutoka kwenye mche. Lichume na kikonyo chake, liweke kwenye sinia kivulini, litamalizia humo siku tatu au nne. Ila moja, walau moja, liachie mtini hadi mwisho, lifunike kwa kipande cha chandarua, ulichume mchana likiwa na joto la jua, na chumvi uwe nayo mfukoni.

Na kila wiki, hata ukijitahidi vipi, zitabaki tatu au nne ambazo zimekupita: zimelegea, zimekunjamana ngozi, moja ina doa. Usizilazimishe kwenye kachumbari. Kata doa, katakata kitunguu, bandika sufuria. Hizo sasa ndizo za kuunga.